Bangi na kura Marekani: maswali mnayoniuliza kila mara

Uchaguzi ukikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti. Wengine wanauliza kuhusu bangi, wengine kuhusu kujiandikisha kupiga kura, na wengi wanayauliza yote mawili kwa pumzi moja bila kujua kwamba ni jambo moja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Ni maoni yangu, wala mimi si wakili. Penye sheria nimesema ni sheria, na penye moyo wangu mtapajua wenyewe.

Shangazi, wewe mwenyewe unavuta?

Sivuti. Nina pumu, na harufu yake tu hunikimbiza dirishani. Nalisema mapema kwa sababu mtu akitaka bangi ihalalishwe, watu wa kwetu humtazama macho kwanza kuona kama ni mekundu.

Basi unaunga mkono kitu gani hasa?

Mtu mzima akivuta nyumbani kwake, polisi wasimguse. Duka liuze kwa leseni, lisimuuzie mtoto, na kila pakiti iseme ina nguvu kiasi gani. Anayeendesha gari akiwa amelewa bangi akamatwe kama mlevi mwingine yeyote. Na mtu aliyefungwa zamani kwa kitu ambacho leo kinauzwa dukani afutiwe rekodi na arudishiwe kura yake, bila kupiga magoti mbele ya mtu.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mengine tunaweza kubishana mpaka chai ipoe.

Bangi na haki ya kupiga kura vinahusiana vipi?

Fikiri hivi. Sheria inasema kitu fulani ni kosa zito. Wanaokamatwa kwa kosa hilo wananyang'anywa kura. Miaka inapita, sheria ileile inapelekwa kwa wananchi waiamue. Walioumia nayo, wanaojua ubaya wake au uzuri wake kuliko mtu mwingine, hawana karatasi ya kutumbukiza kwenye sanduku.

Na waliokamatwa hawakuchotwa sawasawa kutoka kila mtaa. Shirika la kutetea haki la ACLU lilichambua takwimu za mwaka 2018 na kukuta kwamba Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa kumiliki bangi mara 3.64 zaidi ya mweupe, ilhali uvutaji wao unakaribia kulingana. Kwa hiyo ikiwa kukamatwa kunaondoa kura, kura zilizoondolewa zina rangi. Anayetaka kuzungumzia bangi bila kuligusa hilo, mimi humwachia kiti akae peke yake.

Mwaka 2024, shirika la utafiti la The Sentencing Project lilikadiria kuwa Wamarekani wapatao milioni 4 hawakuweza kupiga kura kwa sababu ya hukumu za makosa mazito ya kila aina. Si wote wa bangi, wala sitadai hivyo. Ila wamo.

Kwani bangi si imeshahalalishwa Marekani nzima?

Hapana, na kosa hili limewaponza vijana wengi. Colorado na jimbo la Washington (si mji mkuu) zilifungua mlango kwa kura ya wananchi Novemba 2012. Ohio ilipoingia Novemba 2023, majimbo yalifika 24 pamoja na mji mkuu, Washington, D.C. Lakini sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970, iliyoiweka bangi kundi moja na heroini, haikufutwa na kura hizo. Tume iliyoundwa kuichunguza bangi ilishauri mwaka 1972 kwamba mtu asiadhibiwe kwa kumiliki kidogo cha kutumia mwenyewe. Rais Nixon aliipuuza.

Ndiyo maana unaweza kununua kihalali upande huu wa mto, ukavuka daraja ukawa mhalifu. Florida, kwa mfano, ukikutwa na zaidi ya gramu 20 ni kosa zito. Gramu ishirini ni kitu kinachoingia kwenye kiganja.

Jambo jingine la kushangaza: kura unapiga ukiwa na miaka 18, lakini dukani hawakuuzii mpaka ufike 21. Kijana anaweza kuipitisha sheria ya bangi na bado akasubiri miaka mitatu kuigusa. Mimi sina tatizo na hilo. Nalitaja tu kwa wale wanaosema vijana hupiga kura ili wavute.

Nilikamatwa na bangi zamani. Bado nina kura?

Pengine unayo, na pengine hukuwahi kuipoteza.

Niliwahi kukaa nyuma ya meza ya kuandikisha wapigakura, nje ya maktaba, siku ya jua kali. Akapita baba mmoja wa makamo, akatabasamu, akasema, "Mama, mimi si wa hapo. Walinikuta na msokoto mwaka 1998." Nikamuuliza alifungwa muda gani. Hakufungwa, alipigwa faini. Kosa lake lilikuwa dogo, na katika jimbo lile kosa dogo halijawahi kumnyima mtu kura. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akipita mbele ya vituo vya kupigia kura akiamini mlango umefungwa, na hakuna aliyeufunga. Alijaza fomu huku mkono ukitetemeka. Nami nilijifanya naipanga kalamu.

Sasa sheria yenyewe. Kila jimbo lina yake, na hapo ndipo watu wanapopotea:

Maine, Vermont na Washington, D.C. hawamnyang'anyi mtu kura hata akiwa gerezani. Katika majimbo mengine zaidi ya 20 unaipoteza ukiwa ndani tu, na siku unayotoka unayo. Mengine yanasubiri umalize paroli (kuachiwa gerezani kwa masharti) na kipindi cha uangalizi, na baadhi mpaka ulipe faini. Na Virginia, kwa katiba yake, kosa zito linakuondolea kura maisha yako yote mpaka gavana mwenyewe akurudishie.

Mississippi ni kioja. Orodha yao ya makosa yanayoondoa kura ilitungwa kwenye katiba ya mwaka 1890, na waliotunga hawakuficha kwamba walikuwa wanawatafuta watu weusi. Imo wizi, imo kughushi, imo hata kuoa mke wa pili ukiwa na wa kwanza. Dawa za kulevya hazimo. Kwa hiyo huko bangi haikunyimi kura, lakini hundi ya uongo inaweza kukunyima maisha yote. Nani atakisia hayo bila kuambiwa?

Na walio rumande wakingoja kesi, ambao hawajahukumiwa? Wana kura. Kuifikisha karatasi ya kura mahabusu ni hadithi nyingine, na mara nyingi ni hadithi fupi.

Florida si walirudisha kura kwa wote?

Walijaribu. Novemba 2018 karibu asilimia 65 ya wapigakura walikubali kwamba mtu aliyemaliza adhabu yake arudishiwe kura, isipokuwa wauaji na waliohukumiwa kwa makosa ya ngono. Tulishangilia. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba "kumaliza adhabu" maana yake ni pamoja na kulipa faini na ada zote za mahakama. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaiacha sheria hiyo isimame Septemba 2020.

Ugumu hauko kwenye pesa peke yake. Jimbo halina daftari moja linaloonyesha nani anadaiwa nini. Mtu anakwenda kaunti moja anaambiwa deni limeisha, nyingine wanasema faili halionekani. Halafu Agosti 2022 gavana akatangaza kukamatwa kwa watu 20 kwa kupiga kura bila kustahili, na baadhi yao walikuwa wamepewa kadi ya mpigakura na ofisi za serikali hiyohiyo. Baada ya picha zile za pingu, nadhani waliobaki nyumbani ni wengi kuliko waliokamatwa. Woga hauhitaji kesi nyingi.

Turudi kwenye bangi. Mwaka 2024 Florida walipiga kura kuihalalisha kwa watu wazima. Walioikubali walikuwa kama asilimia 56. Ikaanguka, kwa sababu marekebisho ya katiba huko yanahitaji asilimia 60. Na kizingiti hicho cha 60 chenyewe kilipitishwa mwaka 2006 kwa kura zisizofika 58. Soma tena sentensi hiyo taratibu.

Kura ya maoni ikipita, si basi imepita?

Laiti. Nina mifano miwili ninayoisimulia kila harusi mpaka wanangu wananifinya.

Wa kwanza ni Washington, D.C. Novemba 1998 wakazi walipiga kura kuhusu bangi ya matibabu. Kabla kura hazijahesabiwa, Bunge la Marekani lilikuwa limeshapitisha kifungu kilicholetwa na Bob Barr, mbunge wa Georgia, kinachokataza mji usitumie fedha kuendeleza jambo hilo, na kikaja kuzuia hata kutangaza matokeo. Watu wamepanga foleni, wamepiga kura, na kura zimekaa. Ilibidi kesi ifunguliwe, na jaji akaamuru yatangazwe mwaka 1999: asilimia 69 walisema ndiyo. Hata hivyo, utekelezaji ulisubiri zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2014 wakapiga tena, safari hii kuhalalisha, ikapita kwa karibu theluthi mbili. Bunge likaweka kifungu kingine cha bajeti kinachozuia mji kuweka utaratibu wa maduka ya kuuza kwa watu wazima. Kwa hiyo kuwa nayo ni halali, kumpa rafiki bure ni halali, kumuuzia ni kosa.

Uchungu wake ni kwamba wakazi wa mji huo hawana mbunge mwenye kura kamili, wala seneta hata mmoja, katika Bunge hilo linalowafungia. Barr mwenyewe baadaye aligeuka, akawa akitetea upande wa bangi. Heri yake. Wagonjwa walioingoja dawa miaka yote hiyo sijui walimwambia nini.

Wa pili ni Mississippi. Novemba 2020 walipitisha bangi ya matibabu kwa wingi mkubwa. Mei 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta. Kisa? Katiba yao ilisema saini za kuomba kura ya maoni zisizidi moja ya tano kutoka wilaya yoyote ya uchaguzi wa Bunge la Marekani. Ilipoandikwa, wilaya zilikuwa tano. Baada ya sensa ya mwaka 2000 zikabaki nne. Moja ya tano mara nne ni asilimia 80, kwa hiyo hakuna namna yoyote ya kufikisha saini zote, hata malaika wakija kusaini. Uamuzi huo haukuua bangi peke yake. Uliua njia nzima ya wananchi kuleta hoja, kwa jambo lolote lile. Bangi ya matibabu ilirudi mwaka 2022 kwa mkono wa wabunge. Njia ya wananchi haikurudi nayo.

Ndipo ninapowaambia ndugu zangu wanaochukia bangi: hata wewe ungepaswa kuandamana siku ile. Kesho hoja itakuwa ya shule au hospitali, na mlango ni uleule.

Nisiseme kana kwamba wananchi wakiulizwa husema ndiyo daima. Oklahoma walikataa mwaka 2023. Dakota Kaskazini wamekataa 2018, 2022 na 2024. Wameulizwa, wamejibu, na mimi nanyamaza.

Kuna jimbo lililofanya vizuri?

Minnesota, mwaka 2023. Machi gavana alisaini sheria ya kuwarudishia kura waliotoka gerezani hata kama bado wako kwenye uangalizi, zaidi ya watu 55,000. Mwezi Mei akasaini ya kuhalalisha bangi, pamoja na utaratibu wa kufuta rekodi. New Jersey nao waliwarejeshea kura walio kwenye paroli na uangalizi kuanzia Machi 2020, na Novemba ileile swali la bangi likawa kwenye karatasi. Mpangilio huo ndio ninaoupenda: kwanza mrudishie mtu sauti, ndipo umuulize.

Nina grini kadi, bado si raia. Bangi ni halali jimboni kwangu, naweza kuvuta?

Mdogo wangu, hapa naomba uzime redio usome vizuri.

Uhamiaji ni wa serikali kuu, na serikali kuu haijali jimbo lako limesema nini. Mwongozo wa idara ya uhamiaji wa Aprili 2019 unasema wazi kwamba kukiuka sheria ya shirikisho kuhusu bangi kunaweza kukukosesha sifa ya "mwenendo mwema" unapoomba uraia, hata kama jimboni si kosa, hata kama hukuwahi kukamatwa na umekiri tu kwa mdomo wako. Kufanya kazi kwenye duka la bangi lenye leseni nako kunahesabika. Kijana analipa kodi, ana beji, ana sare, halafu siku ya usaili wa uraia anaulizwa ajira yake.

Sheria inamsamehe kufukuzwa nchini mtu aliyepatikana na hatia mara moja tu ya kumiliki gramu 30 au chini kwa matumizi yake. Usiitegemee. Tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujatia mguu mahakamani, na kabla hujakubali kosa ili "mambo yaishe haraka". Yanaisha haraka kweli, na wewe unaisha nayo.

Na usijiandikishe kupiga kura. Tangu mwaka 1993 sheria inazitaka ofisi za leseni za udereva ziwaulize wateja kama wanataka kujiandikisha. Karani anasukuma fomu, wewe unasaini kwa adabu kwa sababu kwetu mtu wa ofisini habishiwi. Kwa asiye raia, kupiga kura kwenye uchaguzi wa kitaifa ni kosa la jinai na ni sababu ya kufukuzwa, na kujidai raia kwenye fomu kunaweza kukufungia njia ya uraia moja kwa moja. Ukiulizwa, sema, "Mimi si raia," uende zako.

Biden si alishawasamehe wote?

Aliwasamehe waliohukumiwa na mahakama za serikali kuu, au kwa sheria ya mji mkuu, kwa kumiliki tu. Ilikuwa Oktoba 2022, na akaongeza Desemba 2023. Hukumu nyingi za bangi ni za majimbo, na rais hana mamlaka huko. Tena msamaha haufuti rekodi, unaandikwa juu yake.

Aliyevunja sheria kwa nini apewe kura?

Swali hili huulizwa sana na wazee, na silidharau. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya nchi ilikubali kwamba majimbo yanaweza kuwanyima kura waliohukumiwa, ikitegemea maneno ya Marekebisho ya 14 ya katiba. Kwa hiyo kisheria inawezekana.

Lakini mtu huyo anaendelea kukatwa kodi. Watoto wake wanasoma shule inayosimamiwa na bodi iliyochaguliwa na wengine. Tukimwambia amemaliza adhabu, imekwisha, arudi kwa jamii, arudi kama nani? Mgeni wa kudumu? Na kama sheria aliyoivunja ilikuwa mbovu, kura ndiyo njia ya amani ya kuibadili. Ukimnyima anayejua ubovu wake, unabaki na maoni ya waliokuwa kwenye mitaa ambayo polisi hawapiti.

Mwaka 1969 kampuni ya kupima maoni ya Gallup walipouliza, asilimia 12 tu ndio waliotaka bangi ihalalishwe. Mwaka 2023 walikuwa 70. Nchi nzima imebadili mawazo, na wapo watu ambao bado wananyimwa sauti kwa sababu walikuwa na mawazo hayo mapema.

Kuomba kitambulisho kituoni kuna ubaya gani?

Kitambulisho chenyewe hakina ubaya, kwetu tumekizoea. Ubaya ni kikidaiwa halafu ofisi ya kukitoa iwe mbali, ifunguliwe siku mbili kwa wiki, na itake cheti ambacho nacho kinanunuliwa. Nipe kitambulisho cha bure kinachofika mkononi mwa kila mtu, nami nitanyamaza. Ambacho sitanyamazia ni mambo kama ile sheria ya Georgia ya mwaka 2021 inayokataza kuwagawia maji na chakula watu walio kwenye foleni ya kura karibu na kituo. Foleni ya saa tatu si ajali ya asili, ni uamuzi wa mtu kuhusu idadi ya mashine. Colorado tangu 2013 humtumia kila mpigakura aliyeandikishwa karatasi yake kwa posta. Hakuna foleni, hakuna wa kunyimwa maji.

Huoni unawaharibu watoto?

Naona hatari, ndiyo. Ubongo wa kijana bado unajengwa mpaka kwenye miaka ya ishirini, na bangi ya leo ina nguvu kuliko ile tuliyokuwa tukiisikia. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye historia ya ugonjwa wa akili kwenye ukoo, inaweza kuamsha kichaa. Peremende na keki zake huchelewa kupanda, saa moja hata mbili, mtu anadhani hazifanyi kazi anaongeza nyingine. Ziwekwe juu na kufuli, maana mtoto hawezi kutofautisha. Mjamzito asiguse.

Haya yote ni kazi ya mzazi, mwalimu na daktari. Pingu sijaona zikifanya kazi hiyo.

Na kodi zake?

Colorado waliahidi dola milioni 40 za kwanza kila mwaka za kodi moja ya bangi ziende kujenga shule. Vizuri. Ila jimbo likizoea hela hizo litaanza kutamani wavutaji wazidi, na mimi hilo silitaki.

Nina rekodi ya zamani. Nianzie wapi?

Kwanza jua hukumu yako ilikuwa kosa dogo au kosa zito, maana wengi hawajui mpaka leo. Nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ulikohukumiwa, omba nakala ya hukumu, uangalie pia kama kuna deni lililobaki. Kisha piga simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti unakoishi sasa, kwa sababu kwa kawaida zinazohesabika ni sheria za unakopigia kura. Uliza kama jimbo lako linafuta rekodi za bangi lenyewe au unatakiwa kuomba. Jina la aliyekujibu na tarehe viandike. Wakikwambia unastahili, omba wakuandikie. Karatasi hiyo iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, si kwenye droo ya bili.